Flapsi za boti: tupime mzigo kwanza, ndipo tufungue kese



Kwenye ziwa Kivu na ziwa Tanganyika, boti si mapambo. Nanasi ya Idjwi haingoji, nyanya haingoji. Mwenye kufika sokoni asubuhi anauza. Mwenye kufika wakati wanunuzi wamekwisha kurudi nyumbani, huyo anabembeleza. Ndiyo maana kuna koperative ambazo wanachama walijinyima, wakachanga dola moja moja, wakanunua boti yao na moteri. Na sasa ombi jipya linafika mbele ya komite: "Boti yetu inainua pua sana. Kapiteni haoni mbele. Esanse inakwisha mbio. Tununue flapsi."

Niseme maoni yangu wazi. Flapsi si kitu kibaya, na kuna boti zinazozihitaji kweli. Lakini koperative isitoe feza mbele ya kufanya mambo matatu: kupanga mzigo, kurekebisha moteri, na kuangalia helisi. Mambo haya yanagharimu kidogo, mengine hayagharimu hata faranga moja, na kwa boti nyingi za kazi yatatosha. Tena liko jambo la ine, kubwa kuliko hayo yote, nitalifikia mbele.

Flapsi inafanya kazi namna gani?

Flapsi ni mabati mawili, moja kushoto na moja kuume, yanayofungwa nyuma ya boti, chini kabisa. Yako na bawaba kama mlango. Kapiteni akibonyeza swichi, nguvu ya batri inasukuma bati lishuke. Boti ikiwa inakimbia, maji yanapiga bati hilo na kulisukuma juu. Nyuma ya boti inapanda, pua inashuka. Akishusha bati la upande mmoja peke yake, upande ule unapanda. Kwa hiyo anaweza kunyoosha boti iliyolala upande. Kwa boti fupi kuna pia aina isiyo na batri, inayoshikiliwa na springi au gesi.

Kipimo cha kawaida ni hiki: kwa kila mita moja ya urefu wa boti, kila bati liwe na upana wa sentimita 8 hivi. Boti ya mita 6 inaomba mabati mawili ya karibu sentimita 50 kila moja. Zile za batri bei yake ni mamia ya dola, hapo hujahesabu usafirishaji, waya, na mekanisiye wa kutoboa na kufunga.

Sasa tushike neno moja katika maelezo hayo: boti ikiwa inakimbia. Bati linaishi kwa mbio ya maji. Boti ya chini bapa, nyepesi, yenye moteri ya kutosha, ikipata mbio inapanda juu ya maji na kuteleza. Hapo flapsi inasaidia: boti inapanda mapema, kapiteni anaona mbele, na esanse inapungua.

Lakini boti nzito haitelezi, inapasua maji tu. Boti ya mita 7 inayotembea chini ya kilometa 12 kwa saa bado inasukuma maji. Mtumbwi mkubwa wa mbao wa mita 12 unabaki hivyo mpaka kilometa 15 kwa saa, na kwa moteri tuliyo nayo hautapita pale. Kwa vyombo vya namna hiyo, bati la nyuma ni breki tu. Kapiteni akiwa na simu yenye GPS, apime mbio ya boti ikiwa na mzigo wa siku ya soko. Kama haifiki hata mara moja kwenye kuteleza, mazungumzo ya flapsi yaishe pale pale.

La kwanza: mzigo umekaa wapi?

Tuangalie boti inavyopakiwa. Moteri iko nyuma. Kapiteni anakaa nyuma. Bidoni za esanse ziko nyuma, karibu na mkono wake. Batri iko nyuma. Abiria wawili watatu wanapenda nyuma kwa sababu pale hawalowani. Halafu tunashangaa pua inaangalia mawingu!

Esanse iko na uzito. Bidoni ya lita 20 ni karibu kilo 15. Bidoni sita ni kilo 90, sawa na mtu mzima na mfuko wake. Pipa la lita 200 linapita kilo 150. Hamisha bidoni ziende katikati. Shusha magunia mazito ya maharagwe na kahawa chini, katikati, sawasawa kushoto na kuume, uyafunge kamba yasiteleze. Matunda mepesi yaende mbele. Lakini usizidishe: ukijaza pua, boti itachimba mawimbi na maji yataingia.

Hii haiombi dola. Inaomba mtu mmoja wa kusimamia upakiaji, mwenye ruhusa ya kusema hapana, hata kwa prezida wa koperative.

La pili: moteri imeinama namna gani?

Pale moteri inaposhika boti, kwenye moteri nyingi ndogo kuna kipini cha chuma kinachoingia katika tundu moja kati ya matundu kadhaa. Kipini hicho kinaamua moteri isimame karibu na ubao au mbali nao. Moteri ikiwa mbali na ubao, helisi inasukuma nyuma ya boti ishuke na pua ipande. Ukikisogeza kipini tundu moja karibu na ubao, pua inashuka. Ni kazi ya dakika chache, moteri ikiwa imezimwa. Jaribu tundu moja, safiri, angalia. Halafu jaribu lingine. Usiende mpaka mwisho kwa siku moja, kwa sababu pua ikishuka kupita kiasi usukani unakuwa mzito na boti inavutwa upande.

Angalia pia kimo cha moteri. Bati bapa lililo juu ya helisi liwe karibu sawa na chini ya boti. Moteri ikikaa chini sana inavuta maji bure. Ikikaa juu sana helisi inameza hewa, moteri inalia lakini boti haiendi.

La tatu: helisi na kimo cha ziwa letu

Hapa ndipo sisi wa Kivu tuko na sababu yetu wenyewe. Ziwa Kivu liko karibu mita 1.460 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na moteri inapumua kama mtu: hewa ikipungua, nguvu inapungua. Kwa kila mita 300 za kimo, moteri inapoteza karibu 3 kwa mia. Kwa hesabu hiyo, moteri iliyoandikwa farasi 40 inafanya kazi kama ya farasi 34 hivi kwenye ziwa Kivu. Kwenye Tanganyika, lililo karibu mita 770, inabaki na 37 hivi.

Lakini helisi iliyokuja na moteri mara nyingi ilichaguliwa kwa ajili ya maji ya chini, karibu na bahari. Huku juu inakuwa nzito kwa moteri, sawa na kupanda mlima na baiskeli yenye gia ya tambarare. Moteri inahangaika, haifikii mizunguko yake, boti inabaki nusu njia: pua juu, nyuma imezama, esanse inamiminika. Ugonjwa unafanana kabisa na ule ambao watu wanataka kuutibu kwa flapsi, lakini dawa yake ni nyingine: helisi yenye hatua fupi zaidi. Ukipunguza hatua kwa inchi moja, moteri inaongeza mizunguko kama 150 mpaka 200 kwa dakika. Mwambie mekanisiye apime mizunguko boti ikiwa na mzigo na gazi yote, alinganishe na kitabu cha moteri. Kama moteri iko na karbureta, aangalie pia kama jikleri zinafaa kwa kimo chetu.

Flapsi haiwezi kurudisha farasi sita zilizopotea hewani. Na ukibadilisha helisi, ile ya zamani itunze, itakuwa akiba siku helisi mpya inapogonga jiwe.

La ine: boti inayoinua pua inakuambia kitu

Sasa nifikie jambo lenyewe. Mara nyingine mzigo umepangwa vizuri, moteri imerekebishwa, helisi inafaa, na bado boti haipandi. Basi boti iko na neno moja tu la kukuambia: nimebeba kupita uwezo.

Kosa baya ninaloogopa ni koperative kununua flapsi ili kunyamazisha neno hilo. Flapsi inaweza kuinua nyuma ya boti wakati wa kukimbia, kila mtu akaona boti imenyooka, akasema "sasa tunaweza kuongeza magunia matano." Lakini moteri ikizima katikati ya ziwa, flapsi hazibebi hata kilo moja. Boti inakaa chini palepale ilipokuwa, ukingo uko karibu na maji, na wimbi la kwanza linaingia.

Hatuhitaji kuambiwa na watu wa mbali. Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, hapa Goma, watu wakiwa wamekwisha kuona nchi kavu. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Makumi ya watu walikufa. Boti ile ilikuwa kubwa kuliko zetu, lakini maji hayana sheria mbili.

Tena flapsi ziko na hatari yake. Mawimbi yakitoka nyuma na mabati yakiwa yameshuka, pua inaweza kuzama katika wimbi la mbele na boti ikageuka ghafla upande. Kapiteni wa flapsi ni lazima ajue kuzipandisha mbele ya hali hiyo. Na kwenye pwani zetu za mawe, pale boti inavutwa kwa mikono, au usiku katikati ya nyavu za wavuvi wa sambaza, mabati yaliyotokeza nyuma yanagonga na kunasa kamba.

Wakati gani flapsi ni haki yake?

Nisiwaonee wanaoziomba. Kama boti yenu ni ya chini bapa, inateleza na mzigo wake wa kawaida, lakini inachelewa sana kupanda na kapiteni anakaa dakika nzima bila kuona mbele. Au kama inalala upande kila siku kwa sababu ya upepo na abiria wanaohamahama. Na mambo matatu ya kwanza yamefanywa, basi ombi ni la haki. Tena fanyeni hesabu. Pimeni lita za safari tatu zenye mzigo ule ule. Tuseme fundi anaahidi mtaokoa lita 2 kwa safari, na nyinyi mnafanya safari mbili kwa juma: ni lita 4 kwa juma, karibu lita 200 kwa mwaka. Zidisheni kwa bei ya esanse kwenu, mlinganishe na bei ya flapsi pamoja na kuzifunga. Hapo kila mwanachama, hata asiyejua boti, anaweza kupiga kura akielewa.

Na mbele ya kura hiyo, katibu aulize maswali haya kwa sauti katika mkutano mkuu. Je, tuko na jile za kuokolea, moja kwa kila mtu anayepanda, na za watoto pia? Je, boti iko na alama ubavuni inayoonyesha maji yasipite hapa? Je, tuko na kasia, kopo la kutoa maji, na kipande cha akiba cha moteri? Nani anasimamia upakiaji siku ya soko? Kama jibu moja ni hapana, feza za flapsi ziko na kazi nyingine ya kwanza.

Najua kapiteni wengine watasema maneno haya yanatoka kwa watu wa ofisi. Basi wajaribu wenyewe: safari ijayo, wahamishe bidoni katikati na kipini tundu moja, wapime dakika na lita. Boti ikinyooka, koperative imeokoa mamia ya dola. Isiponyooka, waje mbele ya komite na karatasi ya vipimo mkononi, na komite iwasikilize vizuri.