Kisu kidogo kina kazi yake



Katika mifuko ya wengi wetu hapa Manono mna kisu kidogo cha kukunja. Ndicho tunachomenyea embe wakati wa mapumziko, tunachokatia kamba ya mfuko wa unga na mpira wa kufungia mzigo kwenye baiskeli. Wako wanaosema kisu hicho kikatazwe kabisa kazini. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuosha na kufunga vidonda, sikubaliani nao. Kisu kidogo kiachwe mfukoni, lakini kipewe kazi ndogo tu.

Mtu aliyenyang'anywa kisu haachi kukata. Atakata kwa wembe aliouzungushia karatasi, kwa kipande cha chupa, au kwa meno. Wembe hauna mpini, na mara nyingi una makali pande zote mbili: unakata kamba na kidole kwa pamoja. Kisu cha kukunja kina mahali pa kushika, na kikifungwa makali yake yanalala ndani. Kwa hiyo, kati ya wembe na kisu kidogo, ninachagua kisu.

Lakini kisu kidogo ni kipi? Tuchukue mifano miwili. Opinel, ambavyo Joseph Opinel alianza kuvitengeneza mwaka 1890 huko Savoie, Ufaransa, vina namba. Namba 2 ina bapa la sentimita 3.5, na namba 4 ina bapa la sentimita 5. Victorinox ndogo ya Uswisi, ikiwa imekunjwa, ina urefu wa milimita 58. Nayo ina mkasi na tupa ya kucha. Kwa embe, uzi na kamba, hayo yanatosha. Tena mkasi ule mdogo ni mzuri kuliko bapa kwa kukata kucha au bandeji karibu na ngozi.

Hapa ndipo penye hatari, sikilizeni vema. Visu hivi vidogo havina kufuli. Pete ya Opinel inayozuia bapa lisirudi ilibuniwa mwaka 1955, nayo huwekwa kuanzia namba 6. Chini ya hapo hakuna. Ukichoma kitu kigumu kwa ncha, bapa linarudi na kujifunga juu ya vidole vyako. Kidole kina mishipa ya kukikunja na kukinyosha, na mishipa hiyo iko karibu sana na ngozi. Ikikatwa, mkono unaweza usishike tena sepetu, ufunguo wa mashini, wala mwiko wa bukari. Ni nani atakayelisha nyumba?

Unaponunua sokoni, usitazame rangi ya mpini. Fanya hivi:

1. Kifungue. Bapa lisicheze kushoto na kulia.

2. Kifunge. Ncha isitokeze nje hata kidogo.

3. Kata karatasi. Likate bila kurarua. Kisu butu kinakulazimisha kusukuma kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayokipeleka mkononi.

4. Tazama ndani ya mpini. Kama huwezi kuondoa uchafu humo kwa kijiti na maji ya sabuni, usikimenyee chakula.

Na ukisha kukinunua, kikatalie kazi hizi. Kisitoboe kopo la maziwa wala la nyanya. Kisibandue wala kufungua misumari. Kisiguse waya wa umeme, kwa maana mpini wake haukingi umeme. Kisitoke mfukoni karibu na mkanda au mashini inayozunguka. Kwenye karakana, kazi ya kukata ina chombo chake: kiombe magazini, na glavu pamoja.

Kazi nyingine ninayoikataza ni kukata mwili. Msitumbue jipu kwa kisu cha mfukoni, msichanje chale, wala msikate kitovu cha mtoto mchanga. Kitovu hukatwa kwa wembe mpya au mkasi uliochemshwa, mikononi mwa mkunga. Watu wengi hudhani kutu ndiyo inayoleta pepopunda. Siyo kutu yenyewe. Kijidudu chake kinakaa katika udongo na mavi ya wanyama, na hapa kwetu, kwenye machimbo na kando ya vilima vya mchanga uliobaki wa bati, nani hana udongo mikononi? Kisu kinachong'aa kinaweza kukibeba vilevile. Mara nyingi ugonjwa huonekana kati ya siku ya 3 na ya 21, taya likiwa limekaza, wakati kidonda chenyewe kimesahauliwa. Chanjo ipo. Kila mmoja aulize kadi yake, na mama mwenye mimba asikose.

Tena kisu kiwe cha mtu mmoja. Kijidudu cha homa ya ini ya aina B kinaweza kuishi siku 7 katika damu iliyokauka. Ukijikata, osha kisu kwa sabuni, kilaze dakika 10 katika maji yenye javeli, kisuuze, kikaushe, kisha tia tone la mafuta ya kula. Chuma kisichokaushwa kinaliwa.

Kama mkono umekatika, uoshe kwa maji safi na sabuni. Kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia, mkono ukiwa juu. Msiweke majivu, udongo wala mafuta ya taa. Kidole kikikataa kukunjika, kikifa ganzi, au damu isiposimama, njoo dispanseri saa hiyohiyo. Usingoje mwisho wa zamu kwa kumwogopa mkubwa wa kazi.

Wazee walisema, mtoto akililia wembe, mpe. Walitaka ajifunze kwa maumivu. Sisi tunaoshona vidole tunawaomba msimpe. Baba akirudi nyumbani, kisu kitoke mfukoni kikae juu, mahali ambapo mtoto hafiki. Siku atakapokuwa na umri wa kufundishwa, aketi kwanza, akate kuelekea mbali na mwili wake, na kabla ya kukifunga atazame vidole vyake viko wapi.

Kisu kidogo ni mtumishi mzuri wa kazi ndogo. Kazi ikiwa kubwa, kiache mfukoni, ukatafute chombo chake.