Istilahi Izaliwe na Utendaji: Funzo la Nyaya Mbili

Mjadala wa istilahi za sayansi katika vyuo vyetu umekuwa ukizunguka swali moja: je, tutohoe au tubuni? Ni maoni yangu kwamba swali hilo huulizwa mapema mno. Kabla ya kukipa kitu jina, yatupasa tukieleze kwa Kiswahili namna kinavyofanya kazi. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa usilolijua ni usiku wa giza.

Natoa mfano wa Banissa, katika Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Ethiopia. Mandera ni miongoni mwa kaunti 14 zilizolengwa na mradi wa umeme wa jua wa KOSAP, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017. Vifaa vya umeme wa jua vinapofika huko, vitahitaji watu wa kuvifungua na kuvitengeneza. Mtoto wa Banissa aghalabu huanza kusema kwa Kigarre, Kisomali au Kiborana. Kiswahili hukikuta shuleni. Akikikuta katika insha na methali pekee, atakuwa na haki ya kudhani kuwa lugha hii haiwezi kufungua kasha la kifaa na kueleza yaliyomo.

Tufungue basi kasha moja. Tuseme ni kifaa cha kurekodi halijoto ya jokofu la chanjo. Ndani yake mna chipu ya saa aina ya DS1307, inayohitaji volti 5, na kipimajoto cha volti 3.3. Vyote viwili huzungumza kupitia nyaya mbili, kwa mfumo uliobuniwa na kampuni ya Philips mwaka 1982. Waya mmoja hubeba taarifa, wa pili hubeba mapigo ya kuongoza mwendo. Kila waya huvutwa juu na rezista. Chipu hairuhusiwi kuusukuma waya juu. Kazi yake ni kuuvuta chini au kuuachia. Ukiwa chini ni sifuri, ukiwa juu ni moja.

Tatizo li wazi. Volti 5 zaweza kukiharibu kipimajoto. Nayo chipu ya volti 5, kwa kanuni za mfumo huu, huwa na hakika ya kutambua moja pale tu waya unapofika asilimia 70 ya volti zake, yaani 3.5. Volti 3.3 hazifiki hapo. Ndipo huwekwa kati yao chipu ya tatu: upande mmoja ukivutwa chini, nayo huuvuta chini upande wa pili; ukiachiwa, kila upande hupanda hadi volti zake wenyewe. Aidha, hutenganisha mizigo ya pande mbili, kwa kuwa waya uliobeba zaidi ya pikofaradi 400 hupanda polepole mno.

Lakini taarifa hupita pande zote mbili katika waya uleule. Chipu hii ikiuvuta chini upande wa pili, kisha ikadhani kuwa kuna mwingine aliyeuvuta, itaurudishia upande wa kwanza amri hiyo, na nyaya zitakwama chini daima. Baadhi ya chipu hizi huepuka mkwamo kwa hila nyepesi: zenyewe huuvuta waya hadi takriban volti 0.5, lakini huitambua sauti ya mwingine pale tu waya unaposhuka chini ya 0.4. Chipu nyingine huisoma 0.5 kuwa sifuri bila shida. Hivyo chipu ya kati huitofautisha sauti yake na ya wengine.

Sasa tutafute jina. Anayetafsiri neno kwa neno kutoka Kiingereza atakuja na “basi”, na mwanafunzi atawaza gari la abiria. “Njia ya pamoja” ingemfaa zaidi. Atakuja pia na “bafa”, ambalo katika kompyuta tayari ni ghala la muda la data, ilhali chipu hii haihifadhi data yoyote. Kisha atasema “kutafsiri”. Lakini sisi wanafunzi wa tafsiri twajua kuwa kufikisha ujumbe papo hapo, huku na huku, ni ukalimani. Kwa hiyo napendekeza “kikalimani cha volti”. Sipingi utohozi, volti, rezista na chipu zimetufaa katika makala haya. Ninachopinga ni kutohoa tusichokielewa.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Hadhi hiyo haitoshi pasipo maelezo ya vitu. Chama chetu kiweke sharti: istilahi yoyote itakayopendekezwa kwetu iandamane na aya moja ya Kiswahili inayoeleza utendaji wa kitu chenyewe, iliyosomwa na mwanafunzi wa uhandisi. Aya ikishindikana, jina lingoje. Kikalimani chenyewe kimetufunza: hakihamishi volti za upande mmoja kwenda wa pili, huhamisha maana, nao kila upande ukaisema kwa kiwango chake.