Kikombe kipi, na cha mchele au cha wali?

Wazee wetu wengi hapa ughaibuni wana kisukari. Hospitali huwapa karatasi ya mpango wa chakula, na wakirudi kupimwa sukari ikakutwa bado iko juu, lawama ya kwanza huwaangukia wao: mama hafuati masharti, baba mbishi. Ndugu zangu, tusiharakishe kulaumu. Huenda mgonjwa anayafuata masharti, ila kipimo ndicho hakikueleweka.

Chukua mfano wa wali. Mwingereza hutumia neno moja kwa mchele na wali. Karatasi ikiandika kikombe kimoja, kwa kawaida inakusudia chakula kilichokwisha kupikwa. Kijana akimtafsiria bibi yake "kikombe kimoja cha mchele", bibi atakipika na kupata kama vikombe vitatu vya wali. Atakula mara tatu ya alichoruhusiwa, naye anaamini ametii!

Na kikombe chenyewe ni kipi? Kikombe cha vipimo cha Marekani ni kama mililita 240, lakini kile kikubwa cha chai kilichoko kabatini huweza kuchukua 350. Tena, kikombe cha vipimo cha wali kina wanga kama gramu 45. Katika mipango mingi ya kisukari ya Marekani, fungu moja la wanga ni gramu 15, kwa hiyo fungu moja la wali ni theluthi ya kikombe tu. Anayekula sinia moja na wenzake atajuaje amekula mafungu mangapi?

Lebo za dukani nazo zina mtego. Marekani, kiasi kinachoandikwa kwenye pakiti kuwa ni cha mtu mmoja hupangwa kisheria kwa kufuata watu wanavyokula, si wanavyopaswa kula. Ndiyo maana kanuni za mwaka 2016 zilipandisha kipimo cha aiskrimu kutoka nusu kikombe hadi theluthi mbili. Hiyo haikuwa ruhusa ya kula zaidi. Uingereza, lebo hutoa hesabu ya kila gramu 100, na aliyekula gramu 300 inabidi azidishe mwenyewe.

Dawa ya tatizo hili si ghali. Nunua kikombe cha vipimo au mizani ndogo ya jikoni. Pima wali na ugali wako, pakua kwenye sahani unayotumia kila siku, uone unafika wapi. Ukienda kwa mtaalamu wa lishe muulize waziwazi: kabla ya kupika au baada? Na dawa usizibadili bila daktari.

Jumuiya zetu huweza kukusanya mchango wa msiba kwa siku moja. Zinashindwaje kukaa na mtaalamu wa lishe na kuandika kwa Kiswahili karatasi yenye ugali, muhogo, mbaazi na chapati? Tuifanye kazi hiyo kwanza, ndipo tuwaulize wazee kama wanafuata masharti.