BINTI ANATAKA KUSOMEA FARASI NA PUNDA, BABA ANAONA AIBU



Ndugu zangu katika imani, juzi baada ya Isha alinifuata mzee mmoja wa hapa hapa Bigwa, tunayeswali naye safu moja. Akasubiri watu watoke, ndipo akasema: "Shehe, naomba unisemee na binti yangu. Kamaliza kidato cha sita, kafaulu sayansi. Kachaguliwa vyuo viwili, kimoja uuguzi, kingine hapo SUA, udaktari wa mifugo. Zimebaki siku chache athibitishe kimoja, na yeye anataka huo wa mifugo. Angesema ng'ombe ningenyamaza. Anasema farasi na punda! Mimi niuze shamba la mlimani ili mtoto akasomee punda?"

Nikacheka. Nakiri mbele yenu, nilicheka kweli, nikamwambia amlete.

Kesho yake binti akaja na mama yake. Shikamoo, marahaba, nikamuuliza farasi wametokea wapi. Akasema ana mjomba Muscat anayehudumia farasi kwenye banda la tajiri mmoja. Mnyama akiumwa, anayeitwa ni mtaalamu wa kutoka mbali, na mjomba kazi yake ni kushika kamba tu. Yeye anataka aanze SUA miaka mitano, kisha akipata ufadhili akasomee farasi peke yake, maana Uingereza iko shahada nzima ya farasi, chuo kikuu cha Aberystwyth kwa mfano. Kisha akaniambia neno lililonizima kicheko: "Shehe, farasi hapa kwetu ni wa polisi na wenye pesa. Lakini punda ni wa maskini, na hao ni ndugu, ukimjua mmoja umemkaribia mwingine."

Sasa tuzungumze.

Wako watu wanadhani elimu ya mnyama ni elimu ya chini. Mwenyezi Mungu (s.w.) ameapa kwa farasi wanaokwenda mbio, mwanzo wa Suratul Aadiyaat, sura ambayo watoto wetu wa madrasa wanaihifadhi kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Katika Suratun Nahl anawataja farasi, nyumbu na punda pamoja, kuwa ni wa kupanda na ni pambo. Angalieni, punda hakuachwa nje. Na Mtume wetu (s.a.w.) aliwashindanisha farasi Madina. Waliofanyiwa mazoezi ya mbio aliwapangia masafa marefu, wasiofanyiwa akawapangia mafupi. Hiyo ni elimu! Mtu asiyejua mwili wa farasi hawezi kutenganisha hivyo.

Na Waislamu waliifanya elimu ya vitabu mapema. Kwa Kiarabu tabibu wa wanyama anaitwa baitar. Karne ya tatu Hijria, huko Baghdad, Ibn Akhi Hizam aliyekuwa akiwahudumia makhalifa wa Bani Abbas aliandika juu ya upandaji farasi na matibabu yao. Wazungu walifungua chuo chao cha kwanza cha udaktari wa mifugo mwaka 1761, mjini Lyon, Ufaransa, na mwanzilishi wake, Claude Bourgelat, alikuwa mwalimu wa kupanda farasi. Yaani udaktari wa mifugo wote huu wa vyuoni mlango wake ulikuwa farasi. Mzee wangu anaposema "angesema ng'ombe" ameshika mkia.

Turudi huku kwetu. Mwaka 1871 Stanley, yule aliyekwenda kumtafuta Livingstone, alitoka Bagamoyo kuja njia yetu hii ya Simbamwene, mji wa Kisabengo, ndiyo Morogoro ya leo. Alikuwa na farasi wawili, mmoja kazawadiwa na Sultani Barghash wa Unguja. Wote wawili walikufa kijiji cha Kingaru, kabla hawajafika hapa, na haikupita hata siku nzima baina ya kifo cha kwanza na cha pili. Aliandika mwenyewe kwamba alipompasua yule wa Sultani alikuta tumbo limejaa minyoo. (Mkubwa wa kijiji akamtoza kwa kuzika farasi kwenye ardhi yake bila ruhusa. Stanley akasema basi nitamfukua, nikuachie hapo juu. Mzee akasamehe mara moja.) Msafara ulikuwa na pesa, bunduki na bendera. Mtu wa kujua minyoo ya farasi hakuwamo.

Farasi ni mnyama mgumu kumtunza. Hawezi kutapika, alichomeza kibaya hakina njia ya kurudi, na msokoto wa tumbo unaweza kumuua kwa saa chache. Barani kwetu kuna mbung'o, na kuna ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi, unaua farasi wengi huku punda akiuvumilia kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana babu zetu walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka Ujiji mpaka pwani. Haya hayajulikani kwa kushika kamba.

Lakini mimi kilichonikosesha usingizi usiku ule ni punda mmoja.

Zamani nilikuwa nafundisha madrasa upande wa Gairo. Tulikuwa tunajenga msikiti, mchanga ukiletwa na mkokoteni wa punda. Punda yule alikuwa na kidonda mgongoni, pale kamba zinapopita, kikubwa kama kiganja changu, nzi wamejaa. Kila siku nilikiona. Mwenyewe alikuwa mtu mzuri, hakutoza bei kubwa, tulimwombea dua kila Ijumaa. Siku moja punda akapiga magoti njiani na mzigo, hakuinuka tena. Tukachangishana, yule bwana akapata punda mwingine, msikiti ukaisha. Hakuna aliyesema lolote juu ya kile kidonda, na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu pale.

Mnaijua hadithi ya farasi watatu, ameipokea Imamu Bukhari. Maana yake ni kwamba kuna farasi ambaye kwa mwenyewe ni thawabu, kuna ambaye ni sitara, na kuna ambaye ni dhambi, yule anayefugwa kwa kiburi na kujionesha. Maswahaba wakauliza, na punda je? Mtume (s.a.w.) akajibu kwamba juu ya punda hakuteremshiwa kitu mahsusi, isipokuwa ile aya ya pekee inayokusanya yote, ya Suratuz Zilzaal, kuhusu uzito wa chembe ya kheri na chembe ya shari. Miaka mingi nimeisoma hadithi hiyo kwenye darsa, na kile kidonda sikukitaja hata mara moja.

Na punda hawa karibu watumalize tukiwatazama. Ngozi zao zilitafutwa kwa ajili ya dawa ya China, wakachinjwa kwa maelfu. Mimba ya punda ni kama mwaka mzima na anazaa mmoja, hawawezi kufidia. Serikali yetu ilizuia uchinjaji huo mwaka 2022, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kuusimamisha bara zima kwa miaka 15. Vizuri. Lakini waliobaki nani anawatibu?

Baba akanitolea hoja ya pili: mwanamke na farasi wapi na wapi? Nikamjibu Mtume (s.a.w.) aliwasifu wanawake wa Kikureshi kwa kuwaita bora ya wanawake wapandao ngamia. Bibi Ummu Haram alikwenda na jeshi mpaka Cyprus, akaangushwa na mnyama aliyempanda, akafa shahidi huko. Stara ya mavazi na mipaka ya kuchanganyika ni wajibu, awe juu ya farasi au ndani ya daladala. Kuhusu kamari za mbio za farasi, vijana wa mkeka mnanijua msimamo wangu, haramu ni haramu. Farasi hana kosa hapo.

Msimamo wangu ni huu: elimu hii ni fardhi kifaya. Kama mji mzima hauna wa kutibu wanyama wanaotubebea, dhambi ni yetu sote, nami wa kwanza. Uuguzi nao ni kheri kubwa, simdharau muuguzi, lakini binti hakuuomba kwa moyo.

Baba bado hajakubali. Anasema watu watamcheka, na siwezi kumwambia hawatamcheka, maana nilianza mimi. Mwisho wa kuthibitisha ni Ijumaa. Kesho asubuhi tutapanda daladala mimi, yeye na binti yake, twende SUA tukaone hospitali yao ya wanyama. Kama kuna mfuasi wa ukurasa huu anayesoma au kufanya kazi pale, naomba aniandikie leo kabla ya Magharibi, tusije tukazunguka getini.

Wallahu a'lam.