Kompyuta Inapodai Neno la Siri Pasipo Kutarajiwa

Kompyuta ya nyumbani inapodai neno la siri kwa ghafla, au mipangilio yake inapobadilika bila ya mwenyewe kujua, aghalabu watu hufanya moja kati ya mambo mawili. Wengine huliandika neno hilo upesi ili usumbufu uondoke. Wengine hukata shauri kwamba mwizi ameingia, wakafuta kila kitu. Yote mawili ni makosa, kwani yote huutangulia uchunguzi.

Historia yatoa funzo. Katika chuo cha MIT, Marekani, ulianza kutumika mwaka 1961 mfumo wa CTSS, mmojawapo wa mifumo ya kwanza ya kompyuta kutumia maneno ya siri. Mwaka 1962 mtafiti kijana, Allan Scherr, aliiagiza kompyuta imchapie orodha nzima ya maneno hayo, ili apate muda zaidi wa kuitumia. Baadaye, katika miaka hiyo hiyo ya 1960, orodha ilijitokeza yenyewe mbele ya kila aliyeingia. Safari hii hapakuwa na mwizi: wasimamizi wawili walikuwa wakihariri majalada mawili kwa wakati mmoja, na programu ikayachanganya. Dalili zilifanana, visababishi vilikuwa mbalimbali.

Nyumbani mambo ni hayo hayo. Betri ndogo ya ndani ikiisha, saa ya kompyuta hurudi nyuma miaka mingi, na tovuti salama hukataa kufunguka. Neno la siri la mtandao wa nyumbani likibadilishwa na mmoja wa jamaa, kila chombo kitalidai upya. Programu nazo hupokea matoleo mapya kupitia intaneti, na mipangilio ikageuka. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hata hivyo, hatari ipo kweli. Ukurasa wa intaneti waweza kuchora dirisha lifananalo kabisa na lile la kompyuta yenyewe. Anayeandika humo neno la barua pepe yake humkabidhi mgeni ufunguo wa karibu kila kitu, kwa kuwa huduma nyingi hutuma huko njia ya kubadili maneno mengine ya siri.

Kwa hiyo yafaa kanuni moja itangulie: dirisha lisiloitwa lisijibiwe. Lifungwe, kisha mwenyewe aifungue programu inayohusika kwa mkono wake. Haja ikiwa ya kweli, neno litaombwa tena. Kila jamaa awe na akaunti yake isiyo na mamlaka ya msimamizi. Kando ya kompyuta liwekwe daftari la kuandikia tarehe, lililotokea, na lililokuwa limebadilishwa kabla yake. Ushahidi wa uvamizi ukipatikana, kompyuta itengwe na intaneti, na maneno ya siri yabadilishwe kwa kutumia chombo kingine.

Daftari hilo ni sayansi iliyo ndani ya uwezo wa kila nyumba.