Eti iko kwenye damu?

Jamani, nimekaa kimya siku nyingi, lakini wiki hii nimeshindwa. Tulikuwa chumba cha habari tunasubiri kurasa zifungwe, ikaingia habari kutoka Kasulu. Mwenzangu mmoja, msomi mwenye digrii yake safi kabisa, akasema: "Waha bwana, hawa walizaliwa kuwa manamba. Iko kwenye damu." Watu wakacheka. Mimi ni mtoto wa Kasulu, mama yangu ni wa Kibondo. Na mimi nikacheka. Ndiyo maana usingizi umegoma.

Haya, tuzungumze hiyo damu. Tuanze na inzi.

Unawajua wale vijinzi wenye macho mekundu wanaozunguka ndizi zilizoiva sana? Kwetu ukifunua chungu cha pombe ya ndizi wanakutangulia kuionja. Wanasayansi wanamwita Drosophila melanogaster, na asili yake ni Afrika, kusini mwa Sahara. Wenzetu wamemchunguza zaidi ya miaka mia moja na kuzoa Nobeli kadhaa, ya mwaka 2017 ikiwemo. Sisi tunampunga kwa kanga.

Jicho la inzi huyo, utumbo wake na korodani zake vina jeni zilezile. Kinachotofautisha ni jeni ipi imewashwa wapi, na kwa kiasi gani. Chukua jeni iitwayo Cyp6g1. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba inzi wanaohimili DDT wameikuza kazi yake kupita kawaida. Kuna kipande cha vinasaba kilichojichomeka jirani na jeni hiyo, nacho kinaipandisha kwenye utumbo, kwenye mafuta ya mwili na kwenye vifereji vinavyofanya kazi kama figo, yaani palepale sumu inapopita. Kipande hicho kimeenea zaidi kwa inzi wa ng'ambo kuliko kwa ndugu zao waliobaki Afrika.

Najua mwenzangu atarukia hapo: "Si umeona! Kumbe jamii zinatofautiana!" Ndiyo, zinatofautiana, sijakataa. Hata kwa binadamu. Utafiti wa Sarah Tishkoff na wenzake, uliotoka mwaka 2007, ulipita makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Ukakuta badiliko la vinasaba linaloiacha jeni ya kusaga sukari ya maziwa ikiendelea kuwaka hadi utu uzima, na si lile walilonalo Wazungu. Limezuka huku huku, kwa wafugaji.

Lakini uliza inzi walipimwaje. Watafiti walipolinganisha inzi wa Zimbabwe na wa Uholanzi, waliwafuga kwanza maabara, chakula kimoja na joto moja, vizazi na vizazi. Ndipo wakathubutu kusema tofauti hii ni ya kurithi. Bila hivyo unapima chakula halafu unakiita damu.

Sasa nionyeshe, bwana mkubwa, ni lini Kibondo na Moshi zilifugwa chupa moja. Mkoloni aliigeuza Buha ghala la vibarua: kodi inadaiwa, zao la kuuza hakuna, njia ya kupata shilingi ni kupanda treni ukakate mkonge Tanga. Mwisho wa reli ndio ulikuwa mwanzo wa safari. Uhuru ukaja 1961. Gridi ya Taifa ikafika mkoani Kigoma 2022! Hesabu mwenyewe hapo katikati ni miaka mingapi ya majenereta na vumbi jekundu. Halafu mtu aliyesoma kwa taa ya umeme anamwangalia aliyesoma kwa kibatari, anamgundulia ugonjwa wa damu.

Na maneno hayahaya tunayatupa wenyewe. Nimeyasikia sokoni Kasulu yakisemwa juu ya wakimbizi wa Nyarugusu, kambi iliyopo tangu 1996: "Hao vita iko kwenye damu." Muha aliyetukanwa Dar anarudi nyumbani kumtukana Mkongo. Nakiri na mjomba wangu yumo, nami sikumjibu, ni mkubwa wangu.

Mjomba nitamwona Desemba. Wewe wa chumba cha habari, najua unapitaga hapa kusoma. Kesho chai ni juu yangu. Ya maziwa, kama jeni zako zinaruhusu.