Khanga ya Mama kwenye Mto Nile

Wiki hii tuhamie Jinja, Uganda, nilikokwenda na wazee wangu kumsalimia baba mdogo. Yeye ndiye aliyeleta balaa, eti tusiondoke bila kupanda boti la mpira kwenye Mto Nile.

Mchezo huo ulianza pale mwaka 1996, na siku ile wateja wengine wote walikuwa wazungu. Mmoja kumwona Mzee tu, akamkabidhi begi lake. Mzee wangu, seremala mstaafu wa Mwanza, akalipokea, akaliweka chini taratibu, akaenda kupanga foleni ya helmeti. Mimi nimeshakunja ngumi, yeye kimya!

Kwa wasiojua, maporomoko hupangwa kwa madaraja, 1 hadi 6, na la 6 si la watalii. Mengine hayapo tena. Bwawa la umeme la Bujagali, lililokamilika mwaka 2012, liliyameza maporomoko ya jina hilo, na mwaka 2019 likaja la Isimba. Umeme tunautaka, sawa, lakini anayetaka raha hii asijivute sana.

Sasa Mama hajui kuogelea. Alikubali kwa sharti moja: khanga haivuliwi. Kijana aliyetuongoza akamwelekeza kwamba akianguka alale chali, atangulize miguu, asihangaike, jaketi litambeba.

Poromoko la tatu likatupindua wote. Naibuka, natafuta Mama, naona khanga peke yake inaelea. Jamani, acheni utani. Niliita mpaka sauti ikakauka. Kumbe bibie yuko mbele huko, kalala chali, miguu mbele, anakwenda kama gogo, mpaka kijana mmoja wa Jinja kwenye kayaki akamfikia. Mzee alikuwa keshapanda botini, anamvuta mtu kwa mikanda ya jaketi. Nani? Yule wa begi.

Tulipofika nchi kavu jamaa akamuuliza Mzee amefanya kazi mtoni hapo miaka mingapi.

"Mimi mgeni kama wewe," Mzee akajibu. "Ila hayo maji uliyokunywa yanatoka ziwa letu."

Mama hana habari nao. Kasikia maji ya Jinja yanakwenda mpaka Misri, anataka kujua khanga yake itafika lini, au itanaswa Isimba.